Wakati upo, ila si ule unaoufikiria

Swali la msomaji: "Nimekuwa nikibishana na wenzangu. Mimi nasema wakati haupo. Binadamu ndiye aliyebuni saa, siku na mwaka ili apange mambo yake, na bila sisi kungebaki mabadiliko tu. Wao wanasema wakati ungekuwepo hata kama hakuna mtu wa kuuhesabu. Nani yuko sahihi? Na je, ni kweli Einstein alithibitisha kwamba wakati ni njozi?"

Ndugu, ubishi wenu hauishi kwa sababu mmefunga mambo manne katika fungu moja. Kuna vipimo: sekunde, saa, wiki, tarehe. Kuna muda wenyewe unaopita kati ya tukio na tukio. Kuna ile "sasa" tunayodhani imeenea ulimwengu mzima. Na kuna mwelekeo, yaani kwamba mambo huenda kutoka jana kuelekea kesho na hayarudi. Hayo manne hayapati hukumu moja. Katika mawili una haki, na katika moja kati ya hayo una haki kuliko unavyojua. Katika mawili yaliyobaki wenzako wamekushinda.

Nianze na vipimo, maana havina ugomvi. Mgawanyo wa saa 24 na dakika 60 ni urithi wa Wamisri na Wababeli wa kale, si sheria ya maumbile. Mwaka 1793 serikali ya mapinduzi ya Ufaransa iliigawa siku katika saa 10, kila saa dakika 100, kila dakika sekunde 100, na kufikia 1795 ulazima wa mpango huo ulikuwa umesitishwa. Umoja wa Kisovieti uliingiza wiki ya siku tano mwaka 1929, baadaye ya siku sita, kisha 1940 ukarejea kwenye saba. Mstari wa longitudo sufuri ulipitishwa Greenwich kwa kura, katika mkutano wa Washington wa 1884. Kwa hiyo chukua kigezo hiki: jambo linaloweza kubadilishwa kwa kura ni letu. Wafaransa walibadili idadi ya saa, lakini hakuna mama aliyejifungua mapema kwa ajili ya amri hiyo. Kilichokataa kubadilika ndicho cha kujadili.

Wewe unasema kilichobaki ni mabadiliko tu. Hoja yako ni ya kale na ina heshima yake. Aristotle aliuita wakati hesabu ya mwendo kwa kufuata kabla na baada, akajiuliza kama ungekuwepo pasipo nafsi ya kuhesabu. Newton aliandika mwaka 1687 kwamba wakati halisi unatiririka sawasawa bila kutegemea kitu chochote cha nje. Leibniz akampinga katika barua alizoandikiana na Samuel Clarke mwaka 1715 na 1716: wakati, alisema, ni mpangilio wa mambo yanayofuatana, basi. Leo ni wanafizikia wachache wanaoweza kumtetea Newton kwa maneno yale yale. Hata hivyo kuanguka kwa Newton hakukupi ushindi, kwa sababu mabadiliko yana jambo ambalo lile "tu" lako linalificha: yana uwiano kati yake, na uwiano huo hakuna aliyeutunga.

Tazama saa inavyofanya kazi. Kila saa ina sehemu mbili, kitu kinachojirudia na kitu kinachohesabu mirudio hiyo. Saa ya mkononi ya betri ina kipande cha fuwele ya kwatzi kinachotetema mara 32,768 kwa sekunde. Sakiti yake inagawa idadi hiyo kwa mbili mara 15 mfululizo na kubaki na mpigo mmoja. Saa ya atomu hutumia seziamu-133, aina ya metali, na tangu 1967 sekunde yenyewe imefafanuliwa kuwa ni mirudio 9,192,631,770 ya mnururisho unaolingana na mruko kati ya ngazi mbili za nishati za atomu hiyo. Katika aina iitwayo chemchemi, atomu hupozwa kwa leza hadi karibu na sufuri halisi, baridi ya mwisho kabisa inayowezekana, kisha hurushwa juu kiasi cha mita moja. Zikipanda na zikishuka hupita katika chumba kimoja chenye mawimbi ya maikrowevu, na mwishoni hupimwa ni ngapi zimebadili ngazi. Zikiwa chache, maana yake masafa ya mawimbi yamepotoka, nayo husahihishwa. Zilizo bora hazipotezi hata sekunde moja katika miaka milioni 100.

Hapa mkosoaji makini atauliza: umejuaje kwamba mirudio hiyo ina urefu sawa? Huwezi kuichukua sekunde ya jana ukailaza kando ya sekunde ya leo. Henri Poincaré aliieleza shida hii mwaka 1898. Alisema hatuna hisia ya moja kwa moja ya usawa wa vipindi viwili, na kwamba kanuni tunazotumia tumezichagua kwa kuwa zinarahisisha hesabu. Hii ndiyo silaha kali kuliko zote upande wako, na inashangaza kwamba wanaosema wakati haupo huitumia kwa nadra. Wengi huishia kwenye kalenda.

Jibu lake linatokana na saa nyingi za asili tofauti. Pendulamu hutegemea urefu wake na uvutano wa dunia. Kwatzi hutegemea ugumu na umbo la fuwele. Seziamu hutegemea usumaku kati ya kiini cha atomu na elektroni yake. Kuoza kwa urani kunategemea nguvu zilizomo ndani ya kiini, na pulsa ni nyota nzito mno inayozunguka mbali huko angani. Vitu hivi havina sababu yoyote ya kusikilizana. Lakini ukichagua kimoja kiwe kiongozi, vingine vinakifuata kwa uwiano uleule. Na kimoja kinapoachana na kundi, kosa hutafutwa na kupatikana: joto limeirefusha pendulamu, au fuwele imezeeka. Kuchagua kiongozi ni makubaliano yetu. Kusikilizana kwao si makubaliano ya mtu.

Kosa maarufu kuliko yote lilikuwa la dunia yenyewe. Kwa karne nyingi mzunguko wake ndio uliokuwa saa kuu, na sekunde ilikuwa sehemu moja ya 86,400 ya siku. Saa za kwatzi za miaka ya 1930 zikafichua kwamba siku hazilingani kufuatana na majira. Isitoshe, mawimbi ya kujaa na kupwa yanayosababishwa na Mwezi huipunguzia dunia mwendo, hata siku ikarefuka kwa takriban milisekunde mbili (sehemu mbili za elfu za sekunde) kila karne. Kuna ushahidi mwingine usiotegemea kwatzi wala seziamu. Mwaka 1963 John Wells alihesabu mistari midogo ya ukuaji katika visukuku vya matumbawe ya kipindi cha Devoni, karibu miaka milioni 400 iliyopita, akapata takriban mistari 400 kwa mwaka. Mwaka kwa hesabu ya saa haujabadilika kwa kiasi cha kutajwa, kwa hiyo siku ya enzi hizo ilikuwa na saa kama 22. Kama muda ungekuwa mazoea yetu tu, kauli "dunia imepunguza mwendo" isingekuwa na maana, na tumbawe lisingeikubali. Zile sekunde za ziada 27 zilizoongezwa kwenye saa za dunia kuanzia 1972 hadi mwisho wa 2016, ili zisiachane na mzunguko wa dunia, ni uamuzi wa kiofisi, na mwaka 2022 iliamuliwa kwamba utaratibu huo ubadilishwe ifikapo 2035. Sababu iliyozifanya zihitajike haikupigiwa kura.

Ukitaka mfano usio na hata kiumbe wa kuhesabu siku, uko Oklo, nchini Gabon. Mwaka 1972 iligundulika kwamba madini ya urani ya hapo yaliwahi kuwaka yenyewe kama kinu cha nyuklia, karibu miaka bilioni mbili iliyopita. Leo jambo hilo haliwezekani katika madini ya asili, kwa kuwa urani-235, aina ya urani inayowasha kinu, imebaki asilimia 0.72 tu; wakati ule ilikuwa kiasi cha asilimia 3, nyingine imeoza tangu hapo. Gesi ya zenoni iliyonaswa ndani ya madini inaonyesha kwamba kinu kiliwaka kwa takriban nusu saa, maji yakachemka na kutoweka, kikazima kwa saa mbili na nusu, kisha kikaanza tena. Saa na dakika ninazotaja ni zetu. Uwiano wa moja kwa tano haukumngoja mtu azaliwe.

Sasa Einstein. Maneno yanayonukuliwa yanatoka katika barua ya rambirambi aliyoiandikia familia ya rafiki yake Michele Besso mwaka 1955. Alichokiita njozi sugu ni tofauti kati ya yaliyopita, yaliyopo na yajayo. Hakusema wakati ni njozi, na hakuna thibitisho lake lolote linalosema hivyo. Nadharia yake ilifanya mambo mawili yanayochanganywa kila siku: iliuacha muda ukiwa halisi, ikaiondoa "sasa" moja ya ulimwengu mzima.

Kuhusu muda, alichoonyesha ni kwamba unafuata njia aliyopita mwenye saa. Magari mawili yakitoka mji mmoja na kufika mji mwingine kwa barabara tofauti, mita zao za kilomita hazitalingana, na hakuna iliyoharibika. Saa ni hivyo hivyo. Mwaka 1971 Joseph Hafele na Richard Keating walizungusha dunia saa nne za seziamu kwenye ndege za abiria, kwanza kuelekea mashariki, kisha magharibi. Ziliporudi na kulinganishwa na zilizobaki Washington, safari ya mashariki ilikuwa imepoteza nanosekunde 59 (nanosekunde ni sehemu moja ya bilioni ya sekunde) na ya magharibi imeongeza 273. Nadharia ilikuwa imetabiri kupoteza 40 na kuongeza 275, ikiwa na shaka ya nanosekunde ishirini na kitu kila upande. Mwaka 2010 watafiti wa taasisi ya vipimo ya Marekani, NIST, waliinua saa moja kwa sentimita 33 tu na kuona ikienda kasi kuliko mwenzake aliye chini.

Setilaiti za GPS hazina anasa ya kuyajadili haya. Zikiwa kilomita 20,200 juu, uvutano mdogo unazifanya saa zake ziongeze mikrosekunde (sehemu za milioni za sekunde) 45 kwa siku, na mwendo wake unazipunguzia 7. Inabaki 38. Katika mikrosekunde 38 nuru husafiri zaidi ya kilomita 11, na hivyo ndivyo umbali unaokokotolewa hadi setilaiti ungepotoka kila siku kama saa zingeachwa hivyo. Ndiyo maana masafa yake hupunguzwa kiwandani kabla ya kurushwa: badala ya megahezi 10.23 huwekwa 10.22999999543.

Wengi hukosea hapa kwa kusema: kumbe wakati hutegemea mtazamaji, basi ni wa kichwani. La. Chembe ziitwazo muoni huzaliwa kilomita kama 15 juu pale miale ya anga inapogonga hewa, na kwa wastani huishi mikrosekunde 2.2. Hata kwa kasi ya nuru zingekwenda mita 660 hivi, lakini nyingi hufika ardhini, kwa kuwa muda wa safari kwa njia yao ni mfupi kuliko unavyopimwa nasi. Muoni haina kichwa. Na saa mbili zikiachana kisha zikakutana, tofauti kati yake ni jambo ambalo kila mtu, akiwa popote na akienda kasi yoyote, atalikubali.

"Sasa" ndipo unapopata ushindi mkubwa. Matukio mawili yaliyo mbali yanayotokea kwa pamoja kwangu hayatokei kwa pamoja kwa anayetembea. Kiasi cha tofauti hupatikana kwa kuzidisha umbali kwa mwendo, kisha kugawa kwa mraba wa kasi ya nuru. Jaribu kwa galaksi ya Andromeda, iliyo umbali wa miaka ya nuru kama milioni 2.5. Mtu aliyesimama na mtu anayetembea mita moja kwa sekunde kuielekea wanatofautiana kwa takriban siku tatu kuhusu ni tukio gani la huko linalotokea "sasa hivi". Hakuna jaribio linaloweza kuamua kati yao, na si kwa sababu vyombo vyetu ni dhaifu. Hakuna kitu cha kupimwa. Anayedai kwamba kilichopo ni cha sasa pekee, na kwamba jana imefutika na kesho haijaumbwa, anapaswa kwanza aseme ni sasa ya nani. Binafsi naona hoja hii inawabana wenye msimamo huo kuliko wanavyokiri.

Lakini usiivute kupita inapofika. Iwapo nuru inaweza kusafiri kutoka tukio moja hadi jingine, mpangilio wao ni uleule kwa watazamaji wote. Bibi yako alizaliwa kabla yako kwa kila mtu wa kila galaksi. Kinachopoteza mpangilio wa uhakika ni matukio yasiyoweza kuathiriana hata kidogo. J. M. E. McTaggart, aliyejenga mwaka 1908 hoja maarufu kwamba wakati si halisi, alilenga wazo la matukio kuhama kutoka kuwa yajayo hadi kuwa yaliyopita. Nadhani alilijeruhi wazo hilo. Kabla na baada zilitoka salama.

Mwelekeo ni habari nyingine. Sheria za msingi za fizikia, tangu za Newton hadi mlinganyo wa Schrödinger unaoeleza mwenendo wa atomu, hazijali mbele na nyuma. Upo upekee mdogo: majaribio ya James Cronin na Val Fitch kuhusu chembe za kaoni, mwaka 1964, yaliashiria kwamba maumbile hutofautisha kidogo pande mbili za wakati, na mwaka 2012 jaribio la BaBar huko California lilionyesha tofauti hiyo waziwazi katika chembe za aina nyingine. Ila ni ndogo mno kueleza kwa nini glasi iliyovunjika haijiungi. Maelezo ya hilo yanatoka kwa Ludwig Boltzmann, na ni ya hesabu. Weka molekuli 100 za gesi katika chombo. Nafasi ya kuzikuta zote zimejikusanya nusu ya kushoto ni moja kwa 2 iliyozidishwa yenyewe mara 100, yaani takriban moja kwa 1,270 bilioni bilioni bilioni. Hata ukichungulia mara bilioni kwa sekunde ungengoja miaka kama trilioni 40, na ulimwengu una miaka bilioni 13.8 tu. Chombo halisi hakina molekuli 100 bali mabilioni ya mabilioni. Kutawanyika ni kwa kawaida kwa sababu namna za kutawanyika ni nyingi, na kipimo cha wingi huo huitwa entropia.

Kuna mtego ambao maelezo mengi huuruka. Hesabu hiyohiyo ukiielekeza nyuma inasema kwamba jana pia entropia ilikuwa kubwa kuliko leo, jambo ambalo ni uongo. Ili mambo yakae sawa ni lazima uongeze kwamba ulimwengu ulianza katika hali ya entropia ndogo mno. Kwa nini ulianza hivyo, hakuna jibu linalokubaliwa na wote. Kwa hiyo mshale wa wakati, yaani mwelekeo huo, ni halisi na hatukuubuni, ingawa haumo ndani ya kila sheria. Unatokana na mwanzo wa ulimwengu. Kumbukumbu zetu nazo zimeegemea hapo: alama, nyayo na picha huachwa na yaliyopita tu, kwa kuwa kila alama inagharimu ongezeko la entropia.

Kinachobaki ni ile hisia kwamba wakati unapita, kana kwamba unasogea. Unasogea kwa kasi gani? Sekunde moja kwa sekunde, na hilo si jibu. Hapa nakubali mchango wa akili zetu ni mkubwa, kama Immanuel Kant alivyodai mwaka 1781, ingawa yeye alikwenda mbali zaidi na kuuweka wakati wote upande wa anayeona. Ubongo hurekebisha hesabu zake bila kutuarifu. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 2007, watu walioangushwa mita 31 hadi kwenye wavu walikadiria muda wa anguko lao kuwa mrefu kwa asilimia 36 kuliko walivyokadiria anguko la wenzao walipolitazama, lakini hawakuweza kusoma tarakimu zinazowaka na kuzima haraka kuliko kawaida. Hofu ilikuwa imerefusha kumbukumbu yao, si muda.

Wenzako wakikuletea fizikia ya ndani kabisa, utakuwa na la kujibu. Ukijaribu kuunganisha uvutano na kwanta, yaani fizikia ya vitu vidogo kama atomu, kwa njia ya John Wheeler na Bryce DeWitt, ya 1967, unapata mlinganyo usio na wakati ndani yake kabisa. Mwaka 1983 Don Page na William Wootters walipendekeza kwamba wakati huenda ukatokana na jinsi sehemu moja ya ulimwengu inavyofungamana na nyingine: ulimwengu mzima umetulia, lakini sehemu moja ikitumiwa kama saa, nyingine huonekana zikibadilika. Hakuna jaribio lililofika katika kina cha kuamua kama ndivyo ulimwengu ulivyo. Hata ikithibitika, usikimbilie kusema "basi ni fikra tu". Molekuli moja haina joto wala baridi. Joto hutokea pale zinapokuwa nyingi. Hakuna anayesema kwa sababu hiyo kwamba joto ni wazo la binadamu, na barafu iliyeyuka kabla yetu. Kitu kinachotokana na kingine hakikosi kuwepo. Kinakosa tu kuwa cha msingi, na hilo ndilo swali ambalo wanafizikia wanabishania hadi leo.